Vidato vya Elimu

Msomaji, neno "kidato" unalolitumia kila siku shuleni lina maana ya zamani kuliko shule. Watu wa Pwani hukata vidato katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kutia mguu anapopanda kuangua madafu au kugema tembo. Vidato vikikatwa karibu karibu, hata kijana mfupi hupanda. Vikiachana mno, hupanda wale wachache wenye miguu mirefu, na wengine hubaki chini wakitazama juu. Mnazi ni ule ule na nazi ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali palipokatwa vidato.

Katika insha hii nataka tuitazame historia ya masomo ya nchi yetu ya Kenya kwa mfano huo. Mtoto huanza safari yake katika shule ya vidudu, na kwa muda wa miaka karibu thelathini mwisho wa safari hiyo, kabla ya chuo kikuu, ulikuwa Kidato cha Sita. Je, ni nani aliyevikata vidato vya njia hii, na kwa nini alivikata pale alipovikata? Tena, wale walioanguka njiani walianguka kwa udhaifu wao wenyewe, au waliwekewa pengo chini ya miguu yao? Maswali haya si ya wanahistoria peke yao. Wewe unayesoma maneno haya umesimama sasa hivi juu ya kimojawapo cha vidato hivyo.

Kwanza hatuna budi kuelewana juu ya maana ya mtaala. Watu wengi hudhani kwamba mtaala ni orodha ya masomo tu: hesabu, lugha, sayansi, jiografia na kadhalika. Lakini mtaala ni zaidi ya orodha. Ni mpango unaosema lipi litangulie na lipi lifuate, na jambo lililokwisha kufundishwa lirudiwe lini na kwa kina gani.

Chukua mfano wa punje ya hindi. Katika shule ya vidudu mtoto huzihesabu punje, moja, mbili, tatu, akazipanga mstari mmoja sakafuni. Vidole vyake hujifunza kushika kitu kidogo kabla havijapewa kalamu. Katika darasa la pili punje zile zile huwa hesabu za kujumlisha na kutoa. Afikapo darasa la tano hufunuliwa ramani, akaambiwa kwamba mahindi si mmea wa asili ya Afrika, bali yalitoka Amerika na kuvuka bahari baada ya Wareno kuanza safari zao. Kisha huonyeshwa Trans Nzoia na Uasin Gishu, nchi za mavuno makubwa. Katika shule ya upili hutia tone la iodini juu ya unga wa mahindi, akaona rangi ikigeuka buluu iliyokoza hata kukaribia weusi, ndiyo alama ya wanga. Baadaye hujifunza jinsi chavua ya shada la juu inavyoziangukia nywele za gunzi, na kwa nini mbegu ya mseto huzaa sana mwaka wa kwanza, kisha hupungua nguvu watoto wake wakipandwa tena. Hapo atasoma habari za watafiti wa Kitale, ambao mwaka 1964 waliwapa wakulima wetu mbegu ya mseto iitwayo H611. Na zamani, katika Kidato cha Sita, kijana aliyechagua elimu ya viumbe alitakiwa aeleze kwa hesabu jinsi rangi za punje zinavyorithiwa. Mwenzake aliyechagua uchumi alieleza kwa nini bei ya gunia huanguka mavuno yanapokuwa mengi.

Punje ni moja, lakini kila inaporudi huikuta akili iliyopanuka zaidi. Huo ndio mtaala mwema. Tena una wema wa pili, ambao mara nyingi husahauliwa: mtoto akiondoka shuleni mahali popote katika njia ile, huondoka na kitu. Aliyeishia darasa la tano anajua habari za mahindi zinazomfaa shambani na sokoni. Lakini mtoto aliyefundishwa darasa la tano kwa ajili ya mtihani wa mbele tu, asipoufikia mtihani ule au akishindwa, ataondoka na nini? Lishike swali hili, msomaji, maana tutalikuta tena na tena katika historia.

Kabla ya wageni kuja, watoto wa nchi hii hawakukosa elimu. Walifundishwa na bibi kando ya moto, na baba shambani au malishoni, na wazee wakati wa kuingizwa katika rika. Huko Pwani palikuwa na vyuo vya Kurani tangu karne nyingi. Mtoto alianza kwa alifu na irabu juu ya ubao, akaendelea na juzuu, hata akaukhitimu msahafu mzima. Waliotaka kuzidi waliingia katika darsa za wanavyuoni, wakasoma sheria na nahau. Na mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wa Riyadha katika mji wa Lamu, chini ya Habib Saleh, ulikuja kuwa mahali mashuhuri pa masomo hayo. Angalia jambo moja: katika chuo cha namna hii mtoto hakuhamishwa kwa sababu mwaka umekwisha. Alihama alipokuwa amekwisha kujua. Mwepesi alitangulia, na mzito alingojewa.

Shule za namna tunazozijua leo zililetwa na wamisionari. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann walianzisha misheni ya Rabai. Nia ya masomo yao ilikuwa watu waweze kuisoma Biblia. Pamoja na hayo walifundisha kazi za mikono. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, serikali na walowezi walianza kuhitaji makarani, mafundi na wakalimani, na shule zikaongezeka. Mwaka 1909 mtaalamu mmoja, J. Nelson Fraser, alitoa shauri lililoacha alama ya muda mrefu: kwamba shule zitenganishwe kwa rangi, na Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Mwaka 1911 Idara ya Elimu iliundwa, na utengano ukawa desturi ya serikali. Kutoka hapo hatukuwa tena na mnazi mmoja. Tulikuwa na minazi mitatu, wa Wazungu, wa Wahindi na wa Waafrika, na kila mmoja ulikatwa vidato vyake mbali mbali.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Tume ilisema elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini: kilimo, afya, na ufundi. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwaandaa walimu wa kazi hiyo. Shauri lenyewe halikuwa baya, kwani ni nani asiyetaka mtoto wake ajue kilimo na afya? Lakini wazazi wa Kiafrika waliuliza swali zito: Ikiwa elimu ya jembe ni bora hivyo, mbona mtoto wa mlowezi hakupewa hiyo? Waliona kwamba mtoto wao alikatiwa vidato vichache vya chini, kisha shina likaachwa laini hata juu.

Hata hivyo njia ya juu ilianza kufunguka kidogo. Mwaka 1926 shule ya Alliance ilianzishwa huko Kikuyu kwa umoja wa misheni za Kiprotestanti, ikawa shule ya kwanza ya upili kwa vijana wa Kiafrika katika nchi yetu. Watu wengine hawakungoja kufunguliwa. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 baina ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wanawake, shule nyingi za kujitegemea ziliinuka, zikajengwa na kulipiwa na wazazi wenyewe. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani, alianzisha chuo cha walimu cha Githunguri kwa ajili ya shule hizo. Wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliifunga. Wazazi maskini waliouza mbuzi na mazao ili wajenge madarasa wakayaona yamefungwa milango. Msomaji, watu hawatoi mbuzi wao kwa ajili ya jambo wasilolithamini.

Sasa tufike mwaka 1949, maana hapo ndipo vidato vilipopangwa kwa hesabu kamili. Tume iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher ilipendekeza mpango wa nne, nne, nne: miaka minne ya shule ya chini, miaka minne ya shule ya kati, na miaka minne ya shule ya upili. Mwishoni mwa darasa la nne uliwekwa mtihani wa kuchagua. Aliyepita aliendelea hata darasa la nane, akakutana na mtihani wa KAPE. Aliyepita huo aliingia shule ya upili, na katika mwaka wa nne akafanya mtihani wa cheti uliotungwa Cambridge, Uingereza.

Mtoto wa darasa la nne ana umri gani? Miaka kumi au kumi na mmoja. Wakati ule baadhi yao walizidi kidogo kwa kuchelewa kuanza. Mtoto huyu alikwisha kujua kusoma kwa lugha ya mama, hesabu kidogo, na pengine maneno ya Kiswahili. Bado alikuwa akipoteza kalamu na kupanda miti ya mapera. Huyo ndiye aliyeambiwa na serikali kwamba masomo yake yamekwisha. Ilhali elimu ya watoto wa Kizungu ilikuwa imefanywa ya lazima tangu mwaka 1942. Sheria ilimkataza mzazi wao kumwondoa mtoto shuleni katika umri ule ule ambao mtoto wa Kiafrika aliondolewa kwa mtihani. Haikuwa ajabu kwamba Waafrika wengi waliupinga mpango wa Beecher.

Na Kidato cha Sita? Kwa muda mrefu hakikuwako kwa Waafrika wa Kenya. Kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa heshima alikwenda Makerere, Uganda, akapitia kwanza masomo ya matayarisho kabla ya kuanza shahada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 masomo hayo ya katikati yalihamishiwa katika shule zetu, ndipo yakaanzishwa madarasa ya Kidato cha Tano na cha Sita. Namna ya kusoma ilibadilika ghafula. Mwanafunzi aliyezoea masomo mengi sasa alichagua masomo matatu makubwa tu, kama vile fizikia, kemia na hisabati, au historia, fasihi na jiografia. Juu ya hayo palikuwa na karatasi ya mambo ya jumla iliyompima kwa fikira na kwa uandishi. Mwalimu hakumwandikia tena kila neno ubaoni. Alimtajia vitabu, naye akaenda maktaba, akarudi na hoja. Wengi waliopita huko husema kwamba hapo ndipo walipojifunza kusoma peke yao. Lakini kidato hicho kilikuwa juu sana, na waliokifikia walikuwa wachache mno.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, shule za msingi zilikuwa na watoto wapatao 890,000. Shule za upili za nchi nzima zilikuwa na wanafunzi 30,000 hivi. Zipime tarakimu hizo mbili, msomaji, nawe utaona lile pengo kwa macho yako.

Serikali mpya iliunda tume chini ya Profesa Simeon Ominde, nayo ikatoa taarifa zake mwaka 1964 na 1965. Tume ilisema shule za rangi rangi ziishe na watoto wa Kenya wakae darasa moja. Ikapendekeza pia Kiswahili kifundishwe kwa watoto wote wa shule za msingi. Mpango wa masomo ukawa miaka saba ya msingi, minne ya upili, miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita, na mitatu ya chuo kikuu. Mtihani wa darasa la nne uliondolewa. Pengo la kwanza likazibwa, na mtoto akapata miaka mitatu zaidi ya kukua kabla ya kuhukumiwa.

Lakini pengo halikutoweka, lilisogezwa juu. Sasa lilisimama mwishoni mwa darasa la saba, na jina lake likawa CPE. Mtihani huo ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hesabu, na karatasi ya mchanganyiko ya historia, jiografia na sayansi. Kiswahili hakikutahiniwa. Basi tazama nguvu ya mtihani juu ya mtaala! Tume ilikuwa imesema Kiswahili kifundishwe. Lakini kwa kuwa hakikuwamo katika mtihani, katika shule nyingi saa ya Kiswahili ililiwa na hesabu. Muziki, sanaa na kazi za mikono zilipata mkosi ule ule. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alijua kwamba wazazi, mkaguzi na kijiji kizima wangempima kwa idadi ya watoto waliopita.

Wananchi, kwa upande wao, hawakukaa wakilia. Kwa moyo wa harambee walijenga shule za upili mahali pengi, kwa mawe na mabati waliyoyanunua wenyewe, ili watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali wapate pa kukanyaga. Tangu mwaka 1974 karo ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa, na watoto wakafurika madarasani. Ijapokuwa baadaye michango ya majengo iliwarudisha wengine nyumbani.

Hapa nigeuke kidogo nikutazamishe chini kabisa, maana wanaoandika historia ya elimu mara nyingi hukisahau kidato cha chini. Shule za vidudu zilianza kuenea hasa katika mashamba makubwa ya majani chai na kahawa, na katika vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari, ambako akina mama walikuwa kazini na watoto wakihitaji mlezi. Baada ya uhuru zilijengwa na akina mama kwa harambee, na mwalimu wake alilipwa kwa michango ya wazazi, mara nyingi kidogo na kwa kuchelewa. Mwaka 1980 shule hizo ziliwekwa chini ya Wizara ya Elimu; na Katiba ya mwaka 2010 ikazikabidhi kwa serikali za kaunti.

Kazi ya shule ya vidudu ni michezo, nyimbo, hadithi, kuchora mchangani, kuzoea kungoja zamu na kumsikiliza mwenzio. Mtu asiyejua huiona kazi hiyo kuwa upuuzi. Lakini mtoto anayepanga vifuniko vya chupa kwa rangi zake anajifunza msingi wa hesabu zote, yaani kutofautisha na kuweka pamoja. Na anayesimulia upya hadithi ya sungura na fisi anajifunza kwamba habari ina mwanzo, kati na mwisho. Wazee walisema, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Jambo la kusikitisha ni kwamba baadhi ya shule za mjini zilianza kuwatahini watoto wa miaka sita kabla ya kuwapokea darasa la kwanza. Hivyo mtihani ulishuka hata chini, ukaingia mchangani kuwaondoa watoto katika michezo yao.

Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Profesa Colin Mackay kutoka Canada, ambayo kazi yake ilikuwa kutazama haja ya chuo kikuu cha pili, ilipendekeza mpango wa nane, nne, nne: minane ya msingi, minne ya upili, minne ya chuo kikuu. Mpango huo ulianza mwaka 1985, na KCPE ya kwanza ikafanywa mwaka huo huo. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989, mwaka ambao pia Kidato cha Sita cha mwisho kiliketi kwa mtihani wake. Baada ya hapo milango ya madarasa hayo ilifungwa katika shule za umma, na baadhi ya vyumba vyake vikageuzwa mabweni na maabara za vidato vya chini.

Nia ya mpango huo ilikuwa njema. Ilitakiwa mtoto anayeishia darasa la nane aondoke na ujuzi wa mikono: kilimo, useremala, ushonaji, upishi, muziki, biashara. Kiswahili kikafanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na matunda yake tunayaona katika vitabu na magazeti, na katika vijana wanaokiandika kwa ufasaha. Lakini masomo yalikuwa mengi, mizigo ya vitabu ikawa mizito, na wazazi wakaombwa kujenga karakana ambazo nyingi hazikupata vyombo wala walimu. Useremala ukafundishwa kwa chaki: mtoto aliweza kuzitaja aina za randa bila kupata kuishika hata moja. Baada ya mwaka 2000 masomo ya kutahiniwa yalipunguzwa. Na yaliyopunguzwa yalikuwa hasa yale ya mikono, yaliyokuwa sababu ya mpango wenyewe.

Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa tena, na wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hata milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret, akakaa na watoto wenye umri wa vitukuu vyake. Dunia nzima ilimtazama kwa mshangao. Lakini mtu aliyeijua historia hii hakushangaa sana. Mzee yule alikuwa mmoja wa maelfu waliosimama chini ya mnazi maisha yao yote, wakingoja kidato cha kwanza kikatwe mahali ambapo mguu wao ungefika.

Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ulianza rasmi: miaka miwili ya matayarisho, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya sekondari ya juu, kisha elimu ya juu. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na watahiniwa wake walikuwa wapatao milioni 1.4. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilimaliza gredi ya tisa mwaka 2025, likaingia gredi ya kumi mwaka 2026. Huko mwanafunzi huchagua njia mojawapo ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

Umekwisha kuona, bila shaka, kwamba uchaguzi huu unafanana na ule wa Kidato cha Sita cha zamani. Mwanafunzi anaacha mengi, anashika machache, na anatakiwa ayaingie kwa kina. Tofauti ni kwamba zamani walichagua vijana wachache waliobaki baada ya mchujo mwingi, nao walikuwa wa miaka kumi na minane hivi. Sasa wanachagua wote, na wana miaka kumi na mitano hivi. Uchaguzi huo utakuwa wa haki ikiwa tu shule ya kijijini ina maabara, ina mwalimu wa muziki, na ina uwanja, kama shule ya mjini. La sivyo, mtoto ataambiwa achague njia tatu, ilhali mbele ya nyumba yao ipo moja tu. Ndiyo maana nasema kwamba kidato kilichoandikwa katika karatasi ya wizara si kidato bado. Kidato ni kile ambacho mguu umekanyaga ukapata pa kushika.

Basi tuyakusanye tuliyoyaona. Tangu Beecher hata leo, kila mabadiliko ya mtaala yamekuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ni masomo yenyewe, nayo hupangwa kwa maneno mazuri. Sehemu ya pili ni mahali pa mchujo, nayo ndiyo inayotawala yanayofundishwa kweli darasani. Mchujo umepanda kutoka darasa la nne hata la saba, kisha la nane, na sasa umesogea juu zaidi. Hayo ni maendeleo, wala asiwepo wa kuyadharau. Mtoto wa miaka kumi wa leo hatolewi tena shuleni kwa karatasi moja. Lakini kazi haijaisha maadamu bado tunawapima watoto kwa kidato walichofikia tu, wala hatuulizi wameokota nini njiani.

Nawe, msomaji, fanya mambo mawili. La kwanza, kaa vizuri juu ya kidato ulichopo. Usikisome kitabu cha mwaka huu kama daraja la kupitia tu mbio mbio kwenda mwaka ujao. Soma kama kwamba leo ndiyo siku ya mwisho utakayofundishwa jambo hilo, uondoke nalo. Haba na haba hujaza kibaba. La pili, usimcheke aliyeishia chini yako. Ukimkuta mzee wa darasa la nne, kumbuka mwaka 1949, umwulize alichojifunza. Pengine atakuandikia barua kwa hati nzuri kuliko yako.

Na siku itakuja ambapo nyinyi mnaosoma leo mtakuwa walimu, wakaguzi, wabunge na wazazi. Mtapewa shoka mkononi, mtaambiwa kateni vidato vya watoto watakaokuja. Siku hiyo msipime kwa urefu wa miguu yenu. Mwiteni mtoto mfupi kuliko wote, mwambieni ainue mguu, na pale utakapofika ndipo mkate.